KIFARU WA KARAGWE, NG'AMBO YA MTO



Hakuna nyumba katika Biharamulo ambayo kifaru hajaingia. Yumo katika noti ya shilingi 5,000, naye kila siku hupita mkono kwa mkono sokoni kwa bei ya samaki, ya mafuta ya kupikia, na ya madaftari ya watoto. Walakini tulipowauliza vijana wetu wa madrasa ni nani kati yao aliyepata kumwona mnyama huyo kwa macho yake, haukuinuka mkono hata mmoja. Tukawauliza wazazi wao, nao wakatikisa vichwa. Mzee mmoja tu, mzaliwa wa upande wa Karagwe, alitwambia ya kuwa yeye naye hakumwona, ila marehemu baba yake alikuwa akiwakataza watoto kupita vichakani alfajiri kwa kumhofia kifaru.

Basi mnyama ambaye babu zetu walimkimbia, na wajukuu wamjua kwa noti tu, amekwenda wapi? Suali hilo ndilo lililotutoa nyumbani wakati wa likizo, sisi walimu 3, akina mama 4 na vijana 22, tukavuka mpaka mpaka Hifadhi ya Akagera katika nchi ya Rwanda. Tumeonelea tuwaandikieni habari za safari hiyo, kwa kuwa tuliyojifunza huko yahusu kila nyumba, na hasa nyumba za Waislamu, kama itakavyoonekana mbele.

ALIKUWAPO KWETU

Asifikiri mtu kuwa kifaru ni mgeni katika mkoa wetu. Mwaka 1861 msafiri wa Kiingereza, John Hanning Speke, alipofika Karagwe na kukaribishwa na Mfalme Rumanyika, aliwinda vifaru katika nyika za mfalme huyo na habari zake akaziandika kitabuni. Hata katika miaka ya 1950 walikuwapo bado. Mnamo mwaka 1957 na 1958, Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza na Rwanda chini ya Wabelgiji, baadhi ya vifaru wa Karagwe walikamatwa wakavushwa mto Kagera, wakatiwa katika hifadhi ya Akagera iliyoanzishwa mwaka 1934. Huko wakazaana, hata katika miaka ya 1970 wakapita 50.

Wale waliosalia upande wetu waliisha mmoja mmoja. Pori la Akiba la Biharamulo lilitengwa mwaka 1959, na mwaka 2019 likaunganishwa na yale ya Burigi na Kimisi kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, yenye kilometa za mraba 4,707. Tembo walikuwamo katika urithi huo, na nyati, na viboko. Kifaru hakuwamo.

Wala si kwetu tu. Mwaka 1970 vifaru weusi katika Afrika nzima walikadiriwa kuwa 65,000. Ilipofika mwaka 1995 hawakutimia 2,500. Katika kreta ya Ngorongoro, ambako katikati ya miaka ya 1960 walitambuliwa vifaru 108, walibaki wachache wa kuhesabika kwa vidole vya mikono na miguu. Kwa miaka 25 tu umma mzima wa viumbe ulifagiliwa kama makapi. Leo, baada ya jasho na damu ya watu wengi, idadi yao imepanda tena hata kupita 6,000 katika bara zima.

SOMO LA RUBONDO

Kabla ya kwenda Rwanda tuliwaeleza vijana habari za Rubondo, kisiwa kilichomo ndani ya Ziwa Viktoria, kisicho mbali na kwetu. Katika miaka ya 1960 Profesa Bernhard Grzimek wa Ujerumani na chama cha wanyama cha Frankfurt walikichagua kisiwa hicho kiwe makimbilio ya wanyama. Walipeleka sokwe, walipeleka twiga, na baadaye wakafuata tembo. Walipeleka na vifaru weusi 16. Fikira yao ilikuwa ya watu wenye akili: kifaru hawezi kuvuka ziwa, na mwindaji wa haramu atachoka kabla hajalivuka. Maji ndiyo yatakuwa boma.

Je, ilikuwaje? Twiga wapo hata leo, na sokwe wapo, na tembo wapo. Vifaru wote 16 na uzao wao walikwisha, wakauawa na majangili.

Hapo tuliwataka vijana wafikiri. Kisiwa ni kile kile, maji ni yale yale, na askari ni wale wale. Kwa nini twiga asalimike na kifaru aangamie? Binti mmoja wa darasa la juu alijibu kabla ya wavulana: "Maalim, twiga hana pembe ya kuuzwa." Naam, amesema kweli. Maji hayakumlinda kifaru kwa kuwa aliyemtaka alikuwa na mtumbwi, na nyuma ya mtumbwi alikuwapo mwenye fedha. Tuliwaambia waliweke neno hilo moyoni, nasi twawaomba wasomaji mliweke vile vile, kwani ndilo mzizi wa yote tutakayoyasema.

NJIANI

Tuliondoka Biharamulo baada ya sala ya Alfajiri kwa basi dogo la kukodi, tukashika njia ya Lusahunga. Toka Lusahunga mpaka Rusumo ni kilometa 92. Akina mama walikuwa wamepika chapati, ndizi na samaki wa kukaanga, na chakula hicho nusura kitupe taabu mpakani, kwani sehemu yake ilikuwa katika mifuko ya plastiki, na mifuko hiyo imepigwa marufuku Rwanda tangu mwaka 2008. Ikabidi samaki wahamishiwe katika masufuria na vikapu. Vijana walicheka, lakini walipoona kando ya barabara ya ng'ambo hakuna hata kipande cha uchafu kinachopeperuka, kicheko kilikoma, na maswali yakaanza.

Tulipofika juu ya daraja la Rusumo tuliwaonyesha mto Kagera unavyoporomoka kwa ghadhabu. Tukawakumbusha ya kuwa hapo hapo, tarehe 28 na 29 Aprili 1994, walipita watu wanaokadiriwa kuwa 250,000 wakikimbia mauaji na vita, wakaingia Ngara na kupiga kambi Benaco. Miti yetu ilikatwa kwa kuni, na wanyama wa Burigi na Kimisi waliliwa kwa maelfu. Hatukuwaeleza hayo kwa kulaumu, kwani mwenye njaa na mtoto mgongoni haulizwi habari za swala. Tuliwaeleza wapate kufahamu ya kuwa amani ikiondoka kwa watu, huondoka kwa wanyama pia.

Ng'ambo ya pili saa zilirudi nyuma saa moja, na dereva wetu akalazimika kuendesha upande wa kulia wa njia, jambo lililowafanya akina mama wasome dua kwa sauti. Tulipita Kirehe na Ngoma, na tulipofika Kabarondo tukaacha lami, tukaingia njia ya vumbi jekundu iendayo kwenye lango la kusini la hifadhi. Tulilala katika kijiji cha jirani, na asubuhi tukaingia.

HIFADHI ILIYOKUFA IKAFUFUKA

Kiongozi wetu alikuwa kijana wa vijiji vilivyopakana na hifadhi, mwenye kusema Kiswahili kizuri. Lugha yetu imekuwa miongoni mwa lugha rasmi za Rwanda tangu mwaka 2017, nasi tulifurahi kuwa hatukuhitaji mkalimani. Alitusalimu kwa heshima, akawaita walimu "wazee wangu", kisha akatusimulia habari za vifaru, ambao kwa Kinyarwanda huitwa inkura.

Wale waliotoka Karagwe, alisema, walistawi mpaka ujangili na vita vilipokuja. Baada ya mwaka 1994 maelfu ya watu walirejea nchini na mifugo yao wasiwe na pa kukaa, na mwaka 1997 serikali ikaipunguza hifadhi, kutoka kilometa za mraba zipatazo 2,500 hata 1,100 hivi. Simba waliwekewa sumu wakaisha. Kifaru wa mwisho alionekana mwaka 2007. Baada ya hapo hakuonekana tena.

Mwaka 2010 serikali ya Rwanda ilishirikiana na shirika liitwalo African Parks kuisimamia hifadhi. Kazi ya kwanza haikuwa kuleta wanyama. Kwanza walifundishwa askari, wakaletwa mbwa wa kunusa nyayo, na mwaka 2013 ukamalizika uzio wa umeme wa kilometa 120 upande wa magharibi, ili nyati na tembo wasile mashamba ya watu, wala watu wasiingie na mitego. Mwaka 2015 walirudishwa simba. Nyumba ilipokwisha kuezekwa ndipo mwenye nyumba alipoitwa: Mei 2017 waliwasili vifaru weusi 18 kutoka Afrika Kusini.

Hapo kiongozi alitwambia jambo lililotushangaza. Vifaru hao 18 asili yao ni Afrika ya Mashariki. Wazee wao walichukuliwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakapelekwa kusini, wakahifadhiwa huko wakazaana, wakati sisi huku tukiwamaliza ndugu zao. Mbegu iliyotunzwa ugenini ndiyo iliyorudishwa shambani. Tanzania nayo ilipata mbegu hiyo hiyo katika Mkomazi, vifaru 4 mwaka 1997 na wengine 4 mwaka 2001. Kisha Juni 2019 Akagera ililetewa vifaru weusi 5 waliozaliwa katika bustani za wanyama za Ulaya, watoto wa Afrika ambao hawakupata kuikanyaga Afrika kabla ya siku ile.

Wala kurudi kwao hakukuwa kwa bure. Mwezi Juni 2017, majuma machache baada ya wale 18 kufika, Krisztián Gyöngyi, mtaalamu wa kutoka Hungaria aliyekuwa akiwafundisha askari kuwafuatia vifaru, aliuawa na mmoja wao. Vijana walinyamaza waliposikia hayo. Kiongozi akasema kwa upole: "Yeye hakujua kuwa yule ni rafiki. Kifaru haoni mbali. Ananusa na kusikia tu, na asilolijua hulipiga."

TULIYOYAONA

Tulizunguka tangu asubuhi tukipita kando ya ziwa Ihema, ambamo viboko walikuwa wakipumua kama wazee waliopanda kilima. Tuliona twiga, pundamilia, nyati, na ndege wa kila rangi. Adhuhuri tulisimama mahali paliporuhusiwa kushuka, tukasali kwa kupunguza kama ilivyo ruhusa kwa msafiri, tukala. Kifaru hakuonekana. Kijana mmoja akanung'unika: "Babu zetu walimkimbia bure, sisi twalipa na hatumwoni."

Alasiri, katika uwanda wa majani mafupi upande wa kaskazini, kiongozi aliinua mkono, na dereva akazima moto. Mbele yetu, umbali wa kiwanja cha mpira hivi, yalikuwapo kama mawe matatu ya kijivu. Kisha jiwe moja likatembea. Walikuwa vifaru weupe, madume mawili na jike moja, na nyuma ya jike akatokea ndama, bado hana pembe ila kinundu tu, akimfuata mamaye kwa mbio ndogo ndogo. Walikuwa wakila majani kama ng'ombe, vichwa chini, na sauti ya kung'oa majani ilitufikia ndani ya basi. Watu 29 walikuwa mle, na hakuna aliyesema neno. Mama mmoja, mwenye umri wa kupata wajukuu, alisema kwa sauti ya chini: "Subhanallah," na ikatosha.

Kiongozi alitueleza ya kuwa hao si wale wa Karagwe. Kifaru mweupe na mweusi wote ni wa rangi ya kijivu, na hujulikana kwa midomo. Mweupe ana mdomo mpana wa kufyekea nyasi, naye aweza kufikia uzito wa kilo 2,000 na kuzidi. Mweusi ni mdogo kwake, ana mdomo wa juu uliochongoka kama kidole, naye hula majani ya vichaka na hukaa kichakani. Weupe 30 waliletwa Akagera kwa ndege mwezi Novemba 2021, na mwezi Juni 2025 wakaongezwa 70, wote kutoka Afrika Kusini. Ama ndugu zao weupe wa kaskazini, waliokuwa wakikaa Uganda, Kongo na Sudani, wamebaki wawili tu katika dunia nzima, wote majike, nao wamo Ol Pejeta katika nchi ya Kenya. Dume la mwisho lilikufa Machi 2018.

Na kifaru mweusi, yule wa kwetu? Tuliona dalili zake tu. Kiongozi alitushusha kando ya kichaka akatuonyesha vijiti vilivyokatwa kwa mshazari, safi kama vilivyokatwa kwa kisu, na karibu yake lundo la mavi yaliyojaa vipande vya vijiti. Alisema: "Alikuwa hapa usiku." Huenda alikuwa akitusikiliza kutoka ndani ya miiba. Vijana waliinama wakavigusa vijiti vile mmoja baada ya mmoja.

Tuliuliza ni vipi wanajua idadi yao, ikiwa hawaonekani. Akajibu ya kuwa kila kifaru ana jina na alama yake masikioni, na askari huwafuatia kila siku. Waswahili husema: mali bila daftari huisha bila habari. Vifaru wa babu zetu hawakuwa na daftari, nao waliisha bila habari. Na hapana budi wahesabiwe, kwani uzazi wao ni wa polepole mno. Jike hubeba mimba kwa miezi 15 au 16, huzaa ndama mmoja, na hukaa naye miaka miwili au mitatu kabla ya kuzaa tena. Risasi moja yaharibu kwa dakika moja kazi ya miaka mitatu.

PEMBE NA JAMBIA

Sasa tufike kwenye neno tulilowaahidi. Pembe ya kifaru ni nini? Haina mfupa ndani. Imeumbwa kwa kitu kile kile kilichomo katika kucha na nywele za mwanadamu. Ati watu wameua maelfu na maelfu ya viumbe kwa ajili ya ukucha! Huko Mashariki ya Mbali iliuzwa kwa muda mrefu kama dawa ya homa. China ilipiga marufuku biashara hiyo mwaka 1993, lakini baadaye wakatokea wanunuzi wapya Vietnam, na mwaka 2014 peke yake vifaru 1,215 waliuawa na majangili katika Afrika Kusini.

Lakini tusiwanyoshee kidole wa mbali tukasahau jamaa zetu. Katika nchi ya Yemen mwanamume huvaa jambia kiunoni, na kipini cha jambia huonyesha cheo cha mwenyewe. Kipini kilichosifiwa kuliko vyote ni cha pembe ya kifaru, kwa kuwa kadiri kinavyoshikwa miaka mingi ndivyo kinavyong'aa. Zamani vipini hivyo vilikuwa vya masharifu, makadhi na matajiri. Baada ya mwaka 1970, Wayemeni wengi walikwenda Saudi Arabia kufanya kazi katika neema ya mafuta, wakarudi na fedha, na kila mmoja akataka kipini cha kisharifu. Yemen ya Kaskazini ikawa mnunuzi mkubwa wa pembe duniani, na pembe nyingi zilitoka hapa petu, Afrika ya Mashariki.

Aliyeifuata njia hiyo ya biashara mpaka sokoni Sanaa ni mtafiti Esmond Bradley Martin, Mmarekani aliyekaa Nairobi, ambaye aliuawa nyumbani kwake huko Februari 2018. Serikali ya Yemen ya Kaskazini ilikataza uingizaji wa pembe mwaka 1982, lakini magendo hayakukoma. Hatimaye mwaka 1992 Mufti Mkuu wa Yemen alitoa fatwa ya kuwa kumwua kifaru kwa ajili ya kipini cha jambia ni kinyume cha amri ya Mwenyezi Mungu. Mafundi wengi wakashika pembe ya nyati wa majini badala yake, na jambia likabaki jambia.

Tazameni, ndugu zetu. Aliyevaa jambia lile hakushika bunduki. Pengine alikuwa mtu wa sala tano, mwenye kutoa sadaka, mwenye kuogopa kuchinja kuku pasi na Bismillahi. Hakuona damu. Aliona kipini kizuri tu, akalipa, na malipo yake yakavuka bahari, yakapanda bara, yakafika mkononi mwa maskini mmoja aliyeshika mtumbwi usiku kuelekea Rubondo. Mkono unaonunua ndio unaoua, na mkono unaoua ni chombo chake.

Sura ya Al-Maida imetufundisha ya kuwa Mwenyezi Mungu huwajaribu waja wake kwa mnyama aliye karibu na mikono na mikuki yao, ili ajulikane anayemwogopa pasipo kumwona. Tulipokuwa wadogo tuliisoma tukidhani ni habari za mahujaji peke yao. Sasa twaona ya kuwa mafunzo yake yaenea hata kwa mtu aketiye karibu na pori la Biharamulo, usiku, asipokuwapo askari.

SUALI LA KIJANA

Jioni, katika kijiji tulicholala, kijana mmoja ambaye baba yake ni mfugaji alituuliza mbele ya wenziwe: "Maalim, ng'ombe wetu wakikanyaga hifadhi, twatozwa faini hata twauza ng'ombe wawili kuwakomboa kumi. Je, mnyama wa pori amekuwa bora kuliko mtu?"

Suali hili si la kukemewa. Ni suali la haki, na wazazi wengi wanalo kifuani. Tulimjibu kwa habari ya Seyyidna Umar (r.a.). Mtume (s.a.w.) mwenyewe aliwahi kutenga ardhi ya Naqi', karibu na Madina, iwe malisho yaliyohifadhiwa, na kuufanya mji wa Madina mahali pasipowindwa mnyama. Umar alipokuwa Khalifa alimweka mtumishi wake, Hunayy, awe msimamizi wa malisho ya namna hiyo. Alimwagiza aiogope dua ya aliyedhulumiwa, na awaruhusu wenye ngamia wachache na kondoo wachache kuingia, kwa kuwa mifugo yao ikifa hawana pengine pa kukimbilia. Ama matajiri, akina Ibn Awf na Ibn Affan, wawekwe nje, kwani wao wana mashamba na mitende.

Basi kuhifadhi si jambo la kigeni kwetu, wala haki ya maskini haikuachwa nje ya uzio. Hifadhi isiyomtazama jirani yake huzaa adui usiku. Huko Rwanda tuliambiwa ya kuwa sehemu 10 katika kila 100 ya mapato ya hifadhi hurudi kwa wananchi wa jirani, nasi tuliona vijana wa vijiji, kama yule kiongozi wetu, wakipata riziki yao kwa kifaru aliye hai. Kifaru aliyekufa hulipa mara moja, na malipo humfikia mtu mmoja, aliye mbali. Aliye hai hulipa kila mwaka, na akalipa na mtoto wake.

Lakini tulimwambia pia kijana yule, na twawaambia vijana wote wa Ngara na Biharamulo: dhuluma ikiwapo, ipelekwe kwa mwenyekiti wa kijiji, na kwa diwani, na barazani, mchana kweupe. Isifanywe kuwa ruhusa ya kumpokea mgeni ajaye usiku na bahasha, akitaka mtu mwenye kuzijua njia za porini. Mgeni huyo hatakuja gerezani kukutazama. Pembe ataondoka nayo, nawe utabaki na kesi, mama yako atabaki na machozi, na pori litabaki tupu.

Kifaru wa Karagwe alivushwa mto zaidi ya miaka 60 iliyopita. Uzao wake uliangamia, na watu wakahangaika kutoka Afrika Kusini mpaka Ulaya ili kuirudisha mbegu yake ng'ambo ya pili. Toka hapo alipo mpaka nyika za Kagera ni mto mmoja tu. Huenda siku moja wakubwa wataamua arudishwe upande wetu. Uzio waweza kununuliwa, askari waweza kuajiriwa, na ndege yaweza kukodiwa. Jambo moja halinunuliwi, nalo ni jirani mwaminifu. Huyo hulelewa nyumbani, na katika madrasa, tangu angali mtoto.

Kwa hiyo twawaomba wazazi: mtakapompa mtoto noti ya shilingi 5,000 kwenda dukani, mwonyesheni picha ile, mkamweleze ya kuwa huyu ni amana, alikuwapo kwetu, na sababu ya kuondoka kwake ilikuwa watu waliomnunua na watu waliomuuza. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa wenye kuilinda amana, walipo walinzi na wasipokuwapo. Amin.